Kidole Kwenye Mizani

Pale Kemondo palikuwa na mtu mmoja aliyejua kilo zangu kabla mimi mwenyewe sijazijua. Nilipofika bandarini mara ya kwanza kutafuta kazi ya kubeba magunia ya dagaa, hakuniuliza jina wala kijiji. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, akatema ganda la kahawa aliyokuwa akitafuna, akasema, "Huyu gunia ndilo litakalombeba yeye." Akanipandisha kwenye mizani mbele ya watu, akasoma, wakacheka. Nikabeba hivyo hivyo. Leo nina malori, nina ghala langu hapo hapo Kemondo, nina nyumba Miembeni yenye geti la kusukuma, na shamba Buhembe ambalo ukisimama mwanzoni huoni linapoishia. Darasa la nne niliacha mwenyewe, na waliomaliza yote mpaka chuo wananipigia simu kuomba kazi. Lakini yeye mpaka mwisho aliniita Kijana wa Gunia, na duniani hakuna mwingine ambaye ningemruhusu.

Watu wote walimwita Mzee wa Mizani. Jina lake hasa lilikaa kwenye karatasi za hospitali tu; lilipotajwa siku ya maziko, nikageuka kutazama ni nani huyo anayezikwa.

Mimi ndiye niliyempeleka Dar es Salaam kwa ndege, akawekewa springi kwenye mshipa wa moyo. Wenyewe wanaiita stenti. Ni kibomba cha waya, kidogo kama springi ya kalamu, wanakipitisha mkononi mpaka kinafika moyoni, mshipa ulioziba unafunguka. Nikadhani kazi imekwisha. Mimi kitu nikikigharamia huwa kinatengemaa, muulize yeyote Kemondo. Springi ilikaa vizuri kabisa. Kilichotushinda ni kwamba kila alichoambiwa afanye ili aishi, kwa sisi watu wa Bukoba tulioiona miaka ile, kilifanana na mtu anayekufa kwa ugonjwa ule wa kukondesha. Na yeye, kati ya kufa na kusemwa, alikuwa amekwisha kuchagua zamani sana, kabla hata daktari wake hajazaliwa.

Mizani yake ilikuwa ya jukwaa, ya chuma, ile yenye mkono mrefu na jiwe la kusogeza. Pembeni yake palikuwa na kiti, na kiti kilikuwa na mzee. Nikisema alikuwa hatembei sisemi kwa kumdharau. Alikuwa ameisogeza mizani karibu na kiti kiasi kwamba aliweza kupima shehena nzima bila kuinua makalio. Asubuhi aliletwa na baiskeli, jioni akarudishwa na baiskeli, na mwenye baiskeli aliomba hela ya mtu na nusu. Sigara ilikaa sikioni kama penseli ya fundi seremala. Ukiona haipo sikioni ujue iko mdomoni. Mfuko wa shati ulijaa kahawa za kutafuna, na ukimsalimia vizuri anakupa moja, ukimsalimia vibaya anakupa mgongo.

Halafu chumvi. Ng'onda wakishushwa kutoka visiwani, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, lazima achovye kidole kwenye gunia alambe. Gunia hili, alambe. Gunia lile, alambe. Alikuwa anakwambia huyu ametiwa chumvi juzi, huyu ametiwa chumvi kuficha kwamba alikuwa ameanza kuoza. Alilamba chumvi maisha yake yote kama ng'ombe wa Karagwe, na nyumbani bado ndizi zake zilipikwa kwa chumvi ya kumfanya mgeni aombe maji kabla hajameza.

Kwa samaki hakuwa na rafiki. Alikuja mchuuzi mmoja wa Muleba na dagaa waliochanganywa na mchanga ili uzito upande. Mzee akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa, akausugua ule mchanga kati ya vidole.

"Bwana mkubwa," akamwambia, "umetoka kwako na samaki au umenisafirishia ufukwe?"

"Mzee, ni upepo tu."

"Upepo. Basi mwambie upepo uje uchukue malipo."

Shehena nzima ilirudi mtumbwini. Nakwambia, shemeji yake mwenyewe alirudishwa na samaki wabichi akaambiwa akawakaushe. Biashara yangu yote nilijifunza kwa kumtazama huyo mtu, si darasani.

Lakini mtu huyo huyo aliyekuwa hawezi kukusamehe nusu kilo ya dagaa, wanadamu alikuwa anawapima kwa uongo mtupu.

Kupima watu kulianza wakati wa vita. Nduli alipovuka mpaka na majeshi yake na daraja la Kyaka likavunjwa, watu wa ng'ambo wakashuka na mafurushi kichwani, wakubwa wa bandari wakaondoka na funguo. Mzee alibaki. Aliyafunga mawe ya mizani kwenye mkeka akayazika migombani, maana alisema mizani bila mawe ni kitanda cha chuma tu, hakuna atakayeiba. Mimi nilikuwa mdogo, haya niliyasikia kwake. Wanajeshi wetu walipopita wakielekea mbele, mmoja akamwomba ampime. Mzee akaenda akayafukua mawe. Yule askari akapimwa na bunduki, kisha akaiweka chini akapimwa bila bunduki, akasema, "Ukinipima nikirudi, usinipe pungufu ya hii." Wengine wakapanga mstari. Vita vilipokwisha, baadhi walipita tena kurudi kwao, na waliokumbuka wakasimama. Walikuwa wamekwisha, mashavu yameingia ndani. Mzee akawasomea zile zile za mwanzo.

"Uliwapa zile zile vipi, na wamekonda?" nikamuuliza.

"Mizani ni chuma," akasema. "Mimi ndiye mtu."

Baada ya vita vikaja vitu vya magendo, redio na vitenge na yale mashati ya Juliana, na ugonjwa ukaja ukachukua jina la shati. Wengine waliuita silimu; leo unaitwa UKIMWI. Msomaji wa leo ambaye amekuta vipimo kila zahanati hawezi kuelewa. Sisi hatukuwa na kipimo. Kipimo chetu kilikuwa mkanda wa suruali. Ukiongeza tundu jipya kwenye mkanda, ulilitoboa ukiwa umejifungia chumbani. Mtu akikutana nawe sokoni hakutazami usoni kwanza, anatazama shingo, anatazama mikono, ndipo anakusalimu. Na mtu akishaanza kukonda, watu walianza kumpa pole. Si pole ya kuanguka na baiskeli. Ilikuwa na sauti yake, ya chini, inayomalizikia puani, na anayeitoa tayari anakuondoa moyoni.

Kwa hiyo wakaanza kuja kwenye mizani ya Kemondo. Kila mmoja na kisingizio chake. "Mzee, hebu nione kama mashine yako bado nzima." "Mzee, nimebishana na mwenzangu." Wanapanda wakicheka, na mimi nilikuwa nyuma na magunia yangu, naona yasiyoonekana mbele. Mzee alikuwa anavua kiatu cha tairi taratibu, anaweka kidole gumba cha mguu kwenye ukingo wa jukwaa, kwa nyuma, anakandamiza. Mkono wa mizani unapanda. Kisha anasogeza jiwe na kusoma kwa sauti ya mwadhini, bandari nzima isikie: umeongezeka. Hakuna aliyewahi kupungua kwa Mzee wa Mizani. Watu walikuwa wanazikwa kila wiki na wote walikufa wamenenepa.

Kuna mama mmoja alikuwa analeta samaki kutoka visiwa vya Muleba. Mwanamke wa kicheko, akiwa bado yuko majini sisi tulio nchi kavu tunajua ni yeye. Kila akishusha mzigo lazima apande.

"Haya, mume wangu wa chuma, leo nina ngapi?"

"Umeongezeka. Punguza kula, siku moja utazamisha mtumbwi wa watu."

Akacheka, na sisi tukacheka. Kisha akasema bila kugeuka, "Toa kidole."

"Kidole gani tena?"

"Mimi nauza samaki tangu sijaota matiti. Unadhani sijui kidole? Kitoe, waitu, nakuomba. Nataka kujua."

Mzee akatoa kidole. Mkono wa mizani ukaanguka tii. Yule mama akautazama. Mimi nilikuwa na gunia begani nikasahau kulitua. Alishika kanga yake kiunoni akaikaza.

"Kirudishe," akasema.

Mzee akarudisha kidole, akasoma kwa sauti kubwa zile kilo za uongo. Wachuuzi waliokuwa wamesimama pembeni wakitega sikio wakamsogelea, wakanunua samaki wake wote. Ndiyo ilikuwa kazi ya kidole. Mtu aliyesemwa hauzi. Msimu uliofuata mtumbwi ulikuja bila kicheko.

Na kama unafikiri hilo ni kubwa, ngoja nikueleze habari ya chapati, maana moyo wake ninavyoona mimi ulianza kuziba hapo. Palikuwa na mama anayekaanga chapati karibu na geti la bandari. Mume wake alikuwa dereva, akaanza kukonda, na siku zile zile wateja wakaanza kupita mbali. Hakuna aliyesema neno. Chapati zilibaki kwenye beseni mpaka zinakuwa ngumu kama soli. Jioni moja mzee akaagiza beseni zima. Akaliweka juu ya jukwaa la mizani, mahali ambapo kila anayeshuka melini lazima apaone, akaanza kula. Anakula, analamba mafuta vidoleni, anasifu kwa sauti. Akaniita, "Kijana wa Gunia, njoo ule, ujana wako unatafuta nini?" Nikala. Nilikuwa na njaa ya siku zote. Wengine walitazama kama watu wanaosubiri tuanguke. Kesho yake akaagiza tena, na kesho kutwa. Ilipita miezi ndipo mchukuzi mmoja alisogea akachukua ya kwanza, na baada ya huyo wakasogea wengine. Yule mama alimzika mumewe akaendelea kukaanga mpaka alipohamia Muleba.

Lakini mzee hakuacha. Mwili ulikuwa umeshazoea. Chapati za jioni zikawa dini ya pili, na yule mama alipohama mke wa mzee akachukua mahali pake, akaweka karai la sambusa pale pale getini. Kitambi kikaja, shingo ikapotea. Alikuwa anajipigapiga tumbo mbele ya watu: "Mnaona? Hapa hakuna Juliana." Tumbo lile lilikuwa cheti chake na cha nyumba yake yote. Na nalisema hapa nisilirudie: siku ya hitima yake watu walikula kwake mpaka masufuria yakakwanguliwa, na sambusa za mjane wake zinauzwa mpaka leo. Alipata alichokitaka.

Moyo ulimkamata akiwa kitini. Aliinua mkono asogeze jiwe, mkono ukabaki hewani, jasho likamtoka kama amemwagiwa ndoo. Alisema kuna mtu amemkalia kifuani. Wenye magari wengine walianza kuulizana nani atalipa, mimi nilikuwa nimeshawasha. Bukoba wakamtuliza, Mwanza wakasema aende Dar. Ndege alipanda akiwa ameshika mkono wangu, na mimi simwambii mtu kwamba na mimi nilikuwa naogopa, ila kwa kuwa nimeandika basi imejulikana.

Baada ya kuwekewa ile springi, daktari alikuja kitandani. Kijana mpole, miwani, mtu wa huko huko pwani. Akamweleza vizuri, kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba springi imefungua njia lakini haijaponya kilichoziba njia. Damu inaweza kuganda juu ya waya. Kuna vidonge vya kuizuia isigande, avimeze kila siku, asiruke hata siku moja, akiviacha kwa kichwa chake anaweza kufa ghafla. Apunguze mwili. Aache sigara. Chumvi kidogo sana, mafuta kidogo, na atembee kila siku.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho. "Daktari," akasema, "Bukoba umewahi kufika?"

"Bado, mzee wangu. Nasikia kuna senene watamu."

"Wapo. Sasa wewe unanituma nirudi Bukoba nikonde, nimeze vidonge kila siku, nikatae vyakula vya watu, na jioni nionekane natembea peke yangu njiani kama mtu mwenye mawazo."

"Hasa! Umeelewa vizuri sana, wagonjwa wengi hawaelewi."

Mzee akanitazama. Mimi nikacheka, nikidhani ni utani wake.

Sitaki mtu aseme hakujaribu. Alijaribu. Sigara aliziacha, sikio likabaki tupu nikawa nashindwa kumtambua. Nilimnunulia raba nyeupe, akawa anatembea kuelekea ziwani asubuhi, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Watu hawajazoea kuona mzee anatembea haraka bila shughuli. Wanatoka milangoni, "Mzee, nani amefariki?" maana kwetu anayetembea hivyo amebeba taarifa ya msiba. Anawajibu, "Bado, natafuta." Mke wake alipika ndizi bila chumvi, mzee akazila akitazama ukutani. Na mwili ukapungua. Uso ukachongoka, kanzu ikaanza kupepea. Daktari wa kliniki hapa mjini akafurahi, akampongeza. Mimi nikafurahi kuliko daktari.

Kisha akaenda sokoni Bukoba kununua mkungu. Muuza ndizi, mama wa makamo, akamtazama shingo, akatazama mikono.

"Pole, mzee," akasema.

"Pole ya nini?"

"Basi tu. Pole."

Haya alinieleza mwenyewe, tena alinieleza akiigiza ile sauti, ya chini, ya kumalizikia puani. Alisema hakuisikia miaka mingi lakini aliitambua hapo hapo, kama unavyotambua harufu ya nyumba uliyolelewa. Hakununua ndizi. Alirudi nyumbani akamwambia mke wake aweke karai motoni.

Nilikwenda kumkabili. Ilikuwa msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, nikamkuta uani na sahani imejaa, wamekaangwa wanang'aa mafuta, chumvi inaonekana kwa macho.

"Tata, baba yangu, hao si wamekatazwa?"

"Wamekatazwa Dar. Hapa ndiyo kwanza wametua."

"Tata, sikiliza. Miaka ile imepita. Siku hizi hata wenye ule ugonjwa wanameza dawa, wananenepa kuliko mimi. Hakuna anayemtazama mtu shingo."

"Imepita kwako," akasema. "Wewe ulikuwa unabeba magunia. Mimi nilikuwa nasoma kilo."

"Basi waeleze watu! Sema una springi moyoni. Mimi nitasema, nina sauti."

Akacheka mpaka senene mmoja akamtoka mdomoni. "Unajua wangapi walikuja kwangu wakisema ni moyo? Ni kifua, ni tumbo, ni kulogwa na shemeji. Mtu anayekonda akisema ni moyo, watu wanaitikia, ndiyo, moyo, halafu wakienda mbele kidogo wanatazamana." Akasogeza sahani upande wangu. "Mwanamke huyu anakaanga getini. Mimi nikikonda, nani atanunua? Nani atakaa juu ya mizani amlie sambusa zake beseni zima? Wewe?"

Nikasema ningekaa. Akanitazama kama siku ile ya kwanza, miguuni mpaka kichwani.

"Wewe ni tajiri," akasema. "Ukila wewe watasema umelipwa, au una dawa za Ulaya. Kula senene."

Vidonge hakuviacha moja kwa moja. Alivimeza mlango ukiwa umefungwa. Wageni wakija kulala, havimezi mpaka waondoke, na nyumba yake wageni walikuwa hawaishi. Mke wake alijaribu kumpa ndani ya kikombe cha chai, akakirudisha kikombe. Kisha ukatokea msiba Muleba, mtu wa karibu naye. Kwetu msibani mtu mzima haendi na kurudi, unalala na wafiwa kwenye nyasi zilizotandazwa, mnakula pamoja, mnaamka pamoja, kila mtu yuko mgongoni kwa mwenzake. Nani atameza kidonge pale asionekane? Aliviacha nyumbani. Alikaa mpaka matanga yakaanuliwa, na kifua kikamkamata akiwa anakunja blanketi arudi.

Mwanza wakatuambia springi imeziba. Damu imeganda juu ya waya, kama alivyosema yule kijana wa miwani. Sehemu ya moyo imekufa na haifufuki. Niliuliza nikampeleke wapi, India, popote, nikapiga meza. Daktari wa kike, mtaratibu, akaniacha nimalize, akasema kilichobaki ni kumtunza. Akatupa dawa za kutoa maji mwilini, akamwambia mzee: "Upime uzito kila asubuhi. Ukiona unapanda haraka, si mwili huo, ni maji, moyo umeshindwa kuyasukuma. Usisubiri, uje siku hiyo hiyo."

"Nipime uzito," mzee akasema. "Mimi."

"Una mizani nyumbani?"

Tulicheka wote wawili mpaka daktari akaudhika.

Mara ya mwisho kumwona amesimama ilikuwa ghalani kwangu. Mizani yake ya chuma ilikuwa imekaa bila kazi tangu augue, ikafa kutu, mimi nina ya umeme, namba nyekundu, haikosei. Ilikuwa mchana, dagaa wanaingia, wachukuzi wanapiga kelele, wanawake wa samaki wamekaa na matenga yao wakisubiri zamu. Bodaboda ikasimama mlangoni, mzee akashushwa. Uso wake ulikuwa umebaki mifupa, mikono fimbo. Lakini tumbo limejaa, na miguu imevimba mpaka kandambili imezama kwenye nyama. Wanawake wakageuka. Niliwaona macho yao yanakwenda yale yale, shingoni, kisha mikononi.

"Kijana wa Gunia."

"Naam, tata."

"Nipandishe."

Nilimshika kiuno nikampandisha. Mimi niliyebeba magunia ya nchi nzima, nilimwona mzito. Alisimama akihema kama aliyepanda mlima. Namba zikakimbia, zikatulia. Yeye hakuziona, tumbo lilimzuia.

"Nisomee."

Nikamsomea kwa sauti ya chini. Zilikuwa nyingi, kuliko za Mwanza, kuliko za wiki iliyopita.

"Umeongezeka, tata."

"Toa kidole."

"Sijaweka."

"Kitoe, mwana wange. Nataka kujua."

Nikarudi nyuma. Nikarudi mpaka aweze kuona viatu vyangu vyote viwili sakafuni, mbali na mizani. Akavitazama. Namba hazikubadilika. Alikaa hivyo akitazama viatu vyangu, viatu vizuri vya ngozi, na kwa mara ya kwanza sikutamani mtu avione.

"Ni maji," akasema polepole, kwa Kihaya.

"Ni maji. Twende Mwanza sasa hivi. Gari hilo hapo, tangi limejaa, naendesha mwenyewe."

Aligeuza shingo kuelekea kwa wale wanawake, waliokuwa wametulia na matenga yao, wakimtazama.

"Hawakusikia," akaniambia. "Wasomee."

Mimi nina sauti. Nikiita Kemondo, dereva aliye barabara kuu anapunguza mwendo. Nilizisoma zile kilo, zote, za kweli, na nikaongeza neno lake lile lile kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia: ameongezeka.

"Hee!" akasema mmoja wa wanawake, uso umemfunguka. "Mzee, kumbe bado unanawiri! Huyo mkeo anakulisha nini?"

"Sambusa," akasema, akaninyooshea mkono nimshushe.